Konokono Mpya: Namna ya Kumtambua na Namna Anavyopata Jina

Watu wengi wakiona konokono shambani hutamka neno moja tu: konokono. Mkubwa kama ngumi ni konokono, mdogo kama punje ya mtama ni konokono, mwenye mistari na asiye na mistari, wote konokono. Kwa mwenye kupika sufuria yake neno hilo latosha. Kwa kazi ya shamba halitoshi hata kidogo. Konokono mmoja hula majani ya maharagwe usiku kucha. Mwingine hutafuna majani yaliyooza tu, na uchafu wake hugeuka kuwa mbolea. Mwingine tena hali jani lo lote, huwala konokono wenzake na mayai yao. Mkulima anayewaponda wote kwa jembe huua wezi pamoja na walinzi.

Tena si wote waliokwisha kuandikwa. Hata leo wenye elimu ya konokono wangali wakipata katika misitu ya Afrika aina zisizo na jina katika kitabu cho chote. Nataka kueleza hapa namna wanavyojua ya kuwa konokono fulani ni mpya, na namna wanavyompa jina. Ninyi moniteri wenzangu mnaotembea mashambani kila siku, macho yenu yafika mahali ambapo macho yao hayafiki.

KONOKONO NI NYAMA GANI

Konokono ni nyama asiye na mifupa. Ana mguu mmoja mpana, ndio tumbo lake lile linaloteleza juu ya ute. Kichwani ana pembe nne: mbili ndefu zenye macho penye ncha, na mbili fupi chini yake za kupapasia na kunusia. Mdomoni ana ulimi mgumu wenye meno madogo sana, maelfu kwa maelfu, yamepangwa safu safu kama tupa ya fundi wa vyuma. Kwa ulimi huo hukwangua chakula chake. Ubavuni, karibu na ukingo wa nyumba yake, ana tundu linalofunguka na kufungika: ndilo pua lake.

Nyumba yake hakuiokota mahali, wala hahami kutoka nyumba moja kwenda nyingine kama wengine wanavyofikiri. Hutoka katika yai nayo tayari, ndogo sana, na kadiri anavyokua huiongeza kwa ukingo wake. Basi ile ncha ya juu kabisa ni nyumba aliyozaliwa nayo, na mdomo wa chini ndio aliojenga mwisho. Huijenga kwa chokaa. Kwa sababu hiyo konokono hutafuta chokaa po pote: hulamba kuta zilizopakwa chokaa, hukwangua mifupa ya zamani, hula hata nyumba za wenzake waliokufa. Mahali penye mawe ya chokaa huwa na konokono wengi. Penye udongo mkali usio na chokaa ni wachache, na nyumba zao ni nyembamba, hupasuka kwa kidole.

Wakati wa kiangazi konokono wakubwa hujificha ardhini au chini ya magogo, huziba mlango kwa kifuniko cheupe kama karatasi ngumu, hulala miezi mingi bila kula. Mvua ya kwanza ikinyesha, huamka wote pamoja. Ndiyo maana watu husema wamenyesha na mvua.

Konokono wa nchi kavu walio wengi, kila mmoja ni dume na jike pamoja. Wakiisha kukutana wawili, wote wawili waweza kutaga. Lakini si wote wanaotaga sawasawa, na hapo pana jambo kubwa kwa mkulima. Yule konokono mkubwa wa misitu ya magharibi, aitwaye Archachatina marginata, hutaga mayai kumi hivi tu, makubwa kama ya ndege mdogo. Mwenzake wa pwani ya Kenya na Tanzania, aitwaye Achatina fulica, hutaga mayai madogo mia na zaidi kwa mara moja, na hurudia mara nyingi katika maisha yake. Kwa macho ya mtu asiyejifunza hao wawili ni ndugu wa baba mmoja. Lakini mmoja wao ameharibu mashamba ya nusu ya dunia, kama nitakavyoeleza mbele.

NAMNA YA KUISOMA NYUMBA YAKE

Shikeni konokono ncha yake ikielekea juu, na mlango wake ukiwatazama. Mlango uko upande wa mkono wenu wa kuume? Walio wengi ndivyo walivyo. Ukiwa upande wa kushoto, ulizeni kwanza: ni huyu peke yake, au ni wote wa mahali hapa? Katika mito na vinamasi vya Kongo kuna konokono wa majini wa ukoo wa Lanistes, nao wote mlango wao uko kushoto, ni desturi yao. Lakini mkiona mmoja wa kushoto kati ya mia wa kuume, huyo si aina mpya, ni kama mtu anayetumia mkono wa kushoto katika jamaa ya watu wa kuume.

Kisha hesabuni mizunguko kutoka ncha hata mlango. Pimeni urefu kwa milimita, na upana, na mlango wenyewe. Angalieni ngozi ya nyumba: ni laini na yenye kung'aa, au ina mikunjo, au ina vipele kama kitambaa kilichofumwa? Rangi ni kitu cha mwisho. Wanafunzi hupenda kuanza na rangi, lakini rangi ni shahidi mwongo. Hubadilika kwa jua, kwa chakula, na baada ya kufa hutoka kabisa, nyumba ikabaki nyeupe kama mfupa.

Shahidi wa kweli ni nguzo ya katikati. Tazameni ndani ya mlango, upande ule nyumba inapojizungushia: mtaona nguzo inayoshuka. Kwa konokono wa ukoo wa Achatina nguzo hiyo imekatika chini ghafula, kama imekatwa kwa kisu. Kwa konokono wa ukoo wa Limicolaria, wale wembamba wenye michirizi ya kahawia kama ndimi za moto wanaopatikana sana bustanini na migombani, nguzo haikukatika, yashuka na kuungana na ukingo wa mlango. Kwa alama hiyo moja tu mtaweza kuwatenga wawili hao hata gizani, kwa kupapasa kwa kidole.

Wako na wadogo. Fukueni majani yaliyooza chini ya mti mkubwa, yachekecheni juu ya kitambaa cheupe, mtaona vitu kama mbegu vikitembea. Wengi ni wa ukoo wa Gulella. Mlango wao una meno: moja juu, mengine pembeni, mengine ndani kabisa. Meno hayo si ya kutafunia, ni ya mlango wenyewe, kama miiba iliyowekwa penye kizingiti. Aina za Gulella ni mamia, na mara nyingi moja hutengwa na nyingine kwa hesabu ya meno hayo na mahali yalipo. Tena hawa wadogo ndio wala-nyama niliowataja. Miili yao mara nyingi ni ya manjano au myekundu, si ya kijivu. Na meno ya ndimi zao ni marefu yenye ncha. Mkimwona mdogo mwenye mwili wa rangi kali hivyo akitambaa bustanini, mwacheni aende zake. Hakufuata sombe yenu.

WATU WAWILI WALIOTUMWA KUTAFUTA OKAPI

Mwaka 1909 jumba la vitu vya kale na nyama la New York lilituma watu wawili Kongo: Herbert Lang, na kijana mmoja aitwaye James Chapin. Walipanda mto hata Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, wakaingia msitu wa Ituri na nchi ya Uele: Avakubi, Medje, Niangara, Faradje. Kazi yao iliendelea hata mwaka 1915. Walitumwa hasa kutafuta okapi na nyama wengine wakubwa, lakini walikusanya kila kitu: ndege, samaki, vyura, siafu, na konokono. Walioinama na kuinua magogo ni watu wa nchi, wawindaji na wapagazi, na watoto pia bila shaka, kwani mtoto huona konokono upesi kuliko mzee. Majina ya walio wengi katika hao hayakuandikwa.

Konokono walipelekwa Philadelphia kwa bwana mmoja mwenye elimu yao, Henry Pilsbry. Yeye hakuikanyaga Ituri. Alikaa mezani na mikebe yake na kioo cha kukuza, akapanga, akapima, akalinganisha. Mwaka 1919 kitabu chake kilitoka, kurasa 370 na picha nyingi, juu ya konokono wa nchi kavu wa Kongo. Ndani yake waliojulikana zamani wamewekwa mahali pao, na wapya wamepewa majina. Katika kazi za namna hiyo alisaidiana na Joseph Bequaert, Mbelgiji aliyetembea Kongo miaka ya 1910 hata 1915 akichunguza wadudu na miti. Mwaka 1927 wawili hao walitoa kitabu kingine juu ya konokono wa majini.

Basi Pilsbry alijuaje ya kuwa huyu ni mpya? Si kwa sababu hakumwona zamani. Mtu akikuambia, "Sijaona nyama huyu," hajasema neno juu ya nyama, amesema juu ya macho yake. Ilimpasa Pilsbry asome kila maandishi yaliyotangulia, ya Wadachi, ya Wafaransa, ya Waingereza, na kuwatazama konokono wenyewe waliotunzwa. Baada ya kumlinganisha na wote wa ukoo wake na kuona tofauti isiyokwisha kwa wakubwa wala kwa wadogo, ndipo aliposema: huyu hana jina.

Mara nyingi kitu kipya kimekwisha kuokotwa zamani, nacho kimelala katika sanduku. Yule Chapin, mwaka 1913, pale Avakubi, aliona unyoya mmoja katika kofia ya mtu. Hakujua ni wa ndege gani, akauhifadhi. Miaka 23 ilipita. Mwaka 1936, katika jumba la Tervuren huko Ubelgiji, aliona juu ya kabati ndege wawili waliokaushwa, wameandikwa kuwa ni tausi wa Uhindi. Akautambua unyoya wake. Ndiye tausi wa Kongo, Afropavo congensis, ndege mkubwa kama kuku, ambaye watu wa msitu walikuwa wakimjua na kumla tangu zamani. Ikiwa ndege mkubwa hivyo alikaa juu ya kabati kwa jina la uongo, fikirini juu ya konokono wa milimita tatu.

JINA

Desturi ya majina ilitoka kwa Msweden aitwaye Linnaeus, na hesabu ya majina ya nyama huanza na kitabu chake cha mwaka 1758. Kila nyama ana majina mawili. La kwanza ni la ukoo, huanza na herufi kubwa. La pili ni la aina yenyewe, huanza na herufi ndogo daima. Nyuma yake huandikwa jina la mtu aliyetoa maelezo, na mwaka. La pili laweza kutoka popote. Likitoka kwa mahali, mara nyingi huishia -ensis: Gonaxis kibweziensis ni konokono mla-nyama wa Kibwezi, huko Kenya. Likitoka kwa mwanamume mmoja huishia -i: Achatina schweinfurthi ana jina la Schweinfurth, msafiri aliyefika mto Uele mwaka 1870. Likitoka kwa mwanamke huishia -ae. Mtu hajipi jina lake mwenyewe. Kwa wenye elimu ni aibu kubwa.

Lakini jina peke yake si kitu. Sharti liandikwe pamoja na maelezo yanayoonyesha tofauti, na lichapishwe mahali watu wote waweza kusoma. Tena konokono mmoja achaguliwe kuwa shahidi wa jina hilo milele. Huyo huwekwa katika jumba la kutunzia, na karatasi yake, na namba yake. Tangu mwaka 2000 sheria imezidi kuwa kali hapo: aina mpya isiyo na shahidi aliyetajwa wazi, jina lake halihesabiwi. Kukiwa na ubishi baada ya miaka mia, watu hawaulizi mwandishi alisema nini. Hufungua sanduku na kumtazama shahidi.

Sheria hailazimishi lugha moja kwa maelezo. Jina tu ndilo lazima liandikwe kwa herufi za Kirumi. Mwenye kujua vema angeweza kumweleza konokono mpya kwa Kiswahili, na jina lingesimama.

Wawili wakimpa nyama mmoja majina mawili, lile la kwanza ndilo lishindalo, hata kama la pili ni zuri zaidi. Kuna Mfaransa mmoja, Bourguignat, aliyeandika mwaka 1888 na 1890 juu ya konokono wa ziwa Tanganika. Alikuwa hodari, lakini alikuwa na ugonjwa wa majina. Mkunjo mmoja ukizidi, jina jipya. Mlango ukiwa mpana kidogo, jina jipya. Waliokuja nyuma wamekuwa na kazi kubwa ya kuyaunganisha majina hayo. Ni kama mtu aliyewahesabu watoto, vijana na wazee wa kijiji kimoja akasema ni makabila matatu. Kwa hiyo konokono mmoja hatoshi. Sharti wawe wengi, wakubwa kwa wadogo, wa bonde na wa mlima.

Zamani watu walitazama nyumba tu. Baadaye waliona ya kuwa nyumba mbili zaweza kufanana sana na wenyeji wakawa mbali kwa damu. Ndipo walipoanza kupasua miili na kuchora viungo vya uzazi; kwa konokono wakubwa wa Afrika, Albert Mead alitoa kazi hiyo mwaka 1950. Mwaka huo huo Bequaert alitoa kitabu chake juu yao, akamtenga konokono wa pwani na wenzake kwa jina Lissachatina. Kwa sababu hiyo leo mtamwona yule Achatina fulica akiitwa Lissachatina fulica: ni yule yule, jina la ukoo limebadilika. Siku hizi wenye elimu huongeza ushahidi mwingine, vinasaba, yaani urithi uliomo katika kila chembe ya mwili. Kipande cha mguu kidogo kama kichwa cha kibiriti chatosha. Lakini vinasaba havikuondoa kioo na kipimo. Vimeongeza shahidi mmoja penye baraza.

SABABU GANI YATUHUSU

Mwaka 1847 Mwingereza mmoja, Benson, aliwachukua Achatina fulica kutoka kisiwa cha Mauritius, ambako walikuwa wamekwisha kuhamishiwa, akawaachia katika bustani ya rafiki yake Calcutta. Kutoka hapo na kwa njia nyingine walienea Asia na visiwa vya bahari kubwa. Hawaii walifika mwaka 1936. Walikula mboga, miche ya miti, maua, magome ya miti michanga. Mwaka 1966 mtoto mmoja alirudi Miami, Marekani, kutoka Hawaii akiwa na konokono watatu tu. Waliachiwa bustanini. Baada ya miaka michache waliokotwa zaidi ya 18,000, na kazi ya kuwamaliza iliendelea hata mwaka 1975, nayo ilipita dola milioni 1. Mwaka 2011 wengine walionekana mji ule ule.

Watu wakatafuta dawa. Wakasema: tulete konokono wala-nyama wawale hawa wala-majani. Yule wa Kibwezi alipelekwa visiwani. Mwingine wa Marekani, Euglandina rosea, aliletwa Hawaii mwaka 1955, Tahiti mwaka 1974, Moorea mwaka 1977. Mla-nyama huyo hakuchagua kama walivyotaka. Aliwaacha wakubwa wenye nyumba nene, akawafuata wadogo wa miti, wa ukoo wa Partula, ambao hawakudhuru mtu na hawakuwa mahali pengine duniani. Miaka kumi hivi baadaye Partula wa Moorea walikuwa karibu wote wamekwisha mwituni. Wachache waliookolewa walitunzwa London na miji mingine, na tangu mwaka 2015 wameanza kurudishwa visiwani.

Wakubwa wa kazi hiyo walijua majina ya Kilatini vizuri. Walichokosa ni desturi ya nyama: hula nini, hupanda mti au hapandi, huzaa wangapi. Mambo hayo hayaonekani katika nyumba tupu iliyolala sandukuni Philadelphia. Huonekana shambani, saa kumi na moja alfajiri, na anayekuwapo saa hiyo ni mkulima. Kwa hiyo msihamishe konokono hai kutoka nchi hata nchi, kwa kuwafuga wala kwa kuchezea, wala chini ya miche ya migomba. Chunguzeni udongo wa miche kabla ya kuipakia. Penye wala-majani wengi, waokoteni kwa mkono jioni baada ya mvua, watafuteni mchana chini ya mbao na majani ya migomba mliyowatandikia kama mtego, na bata watawasaidia kazi. Wanaowala wawapike sana, wanawe mikono ute utoke. Katika nchi nyingi kuna mdudu wa mapafu ya panya, Angiostrongylus cantonensis, anayekaa ndani ya konokono na kumwingia mtu akila kibichi au nusu kibichi, akapanda hata ubongo.

Kuna jambo jingine, nalo ni zito kwangu kwa kuwa kazi yetu ni kufungua mashamba. Konokono mdogo wa majani ya msitu hatembei mbali. Aina moja yaweza kukaa katika mlima mmoja tu, upande wenye ukungu, na isiwepo mlima wa pili. Msitu huo ukikatwa na kuchomwa, jua likafika chini, hao hukauka siku moja na hakuna wa kurudi. Simwambii mtu asilime. Watoto hawali ukungu. Nasema tu, kabla ya kuchoma, fukueni majani mahali pachache na mtie konokono katika chupa. Na mkiacha kipande cha msitu penye bonde la maji, mmewaacha wengi kuliko mnavyodhani.

NAMNA YA KUWAHIFADHI

Nyumba tupu zafaa, ijapokuwa zimepauka. Zioshwe kwa maji tu, zikaushwe kivulini, zifungwe kwa pamba. Walio hai ni bora. Wakitiwa katika pombe kali moja kwa moja hujikunja ndani na viungo havionekani. Basi jazeni chupa maji hata juu kabisa, pasibaki hewa, watieni, fungeni, waacheni usiku mmoja. Asubuhi watakuwa wamekufa wamejinyosha. Ndipo mwahamishie katika alkoli yenye nguvu ya sehemu 70 hata 80 katika mia. Asiseme mtu atatumia lutuku: nguvu yake haitoshi, na chupa haitafika mwisho wa safari. Formalini haifai, hula chokaa ya nyumba.

Wa mahali pamoja wakae chupa moja. Wa mahali pengine, chupa nyingine, hata kama wafanana kama mayai ya kuku mmoja. Karatasi iwe na jina la kijiji na kilima, si jina la wilaya peke yake. Kimo cha mahali ikiwa kinajulikana. Siku, mwezi na mwaka. Jina la aliyeokota, hata akiwa mtoto. Na maneno machache juu ya mahali: juu ya mgomba, chini ya gogo, katika majani makavu ya msitu, alikuwa akila nini, mwili wake ulikuwa na rangi gani kabla ya kufa, kwani alkoli huitoa. Andikeni kwa kalamu ya risasi. Wino wa kawaida huyeyuka katika alkoli, na konokono asiye na mahali hawezi kuwa shahidi wa kitu. Karatasi itiwe ndani ya chupa pamoja na konokono, isibandikwe nje, maana njiani unyevu na mende hula gundi.